Kadi, Twine, Scratch, slaidi ama fomu: kipi kitamfanya mtoto auangalie vizuri mtihani alioufanya?

Walimu wenzangu wa visiwani na wa bara kule Mokowe, Hindi na Mpeketoni, naandika hii manake kila muhula ukikaribia kuisha naulizwa lile lile, eti hizi hadithi za kuchagua njia, zile msomaji akifika mahali anaamua mwenyewe aende huku ama kule na hadithi inabadilika kufuata alivyoamua, mtu atumie nini darasani kuwasaidia watoto wautafakari mtihani wao, aanze na kompyuta ama karatasi, na je kuna haja kweli ama ni mambo ya skuli zenye wifi. Mimi nafunza JSS, yaani sekondari ya chini, Gredi ya 7 hadi 9, hapa Lamu, vyote nitakavyovitaja nimevitumia na watoto, na msimamo ninao, kwa hivo sitasema kila kimoja kina uzuri wake alafu nikakuacha hapo hapo.

Tuelewane kwanza tunatafuta nini. Tunataka mtoto ashike karatasi yake iliyosahihishwa aweze kueleza kilichotokea. Alama ishaandikwa pale juu, hiyo haina maelezo. Kilichotokea kati ya kusoma swali na kuandika jibu, na kabla ya hapo, usiku ule, wiki ile, hayo ndo tunayoyataka. Kule Marekani, chuo kikuu cha Carnegie Mellon, Marsha Lovett aliandika kuhusu karatasi fupi ambayo mwanafunzi anapewa pamoja na mtihani wake ukirudishwa, ina maswali ya namna tatu, ulijiandaa vipi, makosa yako ni ya aina gani, na mara nyengine utabadilisha nini. Ni kitu kizuri na hakina gharama. Lakini mpe mtoto wa Gredi ya 7 hapa kwetu uone, atakuandikia "nilisoma kidogo", "sikuelewa", "nitatia bidii", na darasa zima limeandika hivo hivo, kwa sababu kila mmoja anajibu kile anachodhani mwalimu anataka kukisikia. Sasa mwambie mtoto huyo huyo aandike kuhusu mtu mwengine kabisa, mtu aliyekaa chumba cha mtihani, ana njia tatu mbele yake, na yeye mwandishi aseme kila njia inamfikisha wapi. Hapo yanatoka mambo ambayo ungemuuliza uso kwa uso asingekwambia hata kidogo.

Na watoto wa huku hadithi si jambo la kuwafunza. Paukwa, pakawa, mtoto anajua tangu mdogo kuwa msikilizaji hakai kimya, anaitikia, anadakiza, anauliza kwa nini asingepita njia nyengine. Tunachofanya ni kumpa kalamu.

Jambo moja kabla ya kulinganisha, na hili ni la lazima chombo chochote utakachochukua. Mwaka 1988 Ruth Butler alifanya utafiti Israeli na watoto wa umri wa Gredi ya 5 na 6 hivi, wengine wakapewa maksi tu, wengine maoni ya maandishi tu, wengine vyote viwili pamoja. Waliosonga mbele ni wale wa maoni peke yake, na wale waliopata maksi pamoja na maoni hawakufaidika na yale maoni. Namba ikishaonekana maneno hayasomwi tena, na kila mwalimu aliyewahi kurudisha karatasi analijua hili, wanaangalia juu kulia, wanaangalia ya mwenzao, wanakunja. Kwa hivo mimi karatasi nazirudisha zina tiki, zina makosa yamezungushiwa, zina maneno yangu pembeni, lakini jumla naiweka kwenye daftari langu mpaka hadithi ziishe kuandikwa. Watanung'unika siku ya kwanza. Wazoee.

Sasa vipimo vyangu ndo hivi na nitavirudia: nani anayeandika matawi ya hadithi, mwalimu ama mtoto, nani anayeona alichochagua mtoto, kinafanya kazi stima ikikatika, na kama mtoto anaweza kuandika kwa maneno yake, iwe Kiswahili sanifu, Kiamu ama Kibajuni. Hicho cha kwanza ndo kikubwa zaidi. Hadithi aliyoiandika mwalimu, mtoto anapitia tu anabofya bofya mpaka afike mwisho, ni mtihani mwengine umevaa nguo ya hadithi. Hadithi aliyoiandika mtoto ndo inayomlazimisha afikiri.

Kadi za karatasi

Manila moja unaikata vipande vya ukubwa wa kiganja, kila kipande kina namba, sentensi mbili tatu, na chini yake njia: akifanya hivi nenda 7, akifanya vile nenda 12. Usidhani ni njia ya wasio na uwezo, miaka ya 1980 vitabu vya namna hii vilisomwa sana na watoto wa Uingereza na Marekani, na mpaka leo watu wanaotengeneza hadithi kubwa za kompyuta wengi wao wanaanza na karatasi.

Kwa Gredi ya 4 mpaka ya 6 mimi sioni sababu ya kutumia chengine. Watoto wanne wanakaa mkekani, wanapanga kadi, wanachora mishale kwa chaki sakafuni kutoka kadi hii mpaka ile, na hadithi nzima wanaiona kwa jicho moja, hii kadi haina pa kwenda, hii inafikiwa na njia tatu, mbona kila njia inaishia kwa kufeli, tuandike nyengine. Hayo mabishano yao ndo kutafakari kwenyewe, wewe mwalimu pita usikilize na uandike. Kipindi kimoja kinatosha kutengeneza, cha pili kinatosha kusomeana. Wakati wa kusi weka kokoto juu ya kadi ama funga madirisha.

Udhaifu wa kadi ni kuwa haikumbuki. Kama kwenye kadi ya 2 mhusika amelala saa saba ya usiku, kadi ya 9 haina habari. Dawa yake ni kokwa za ukwaju, aliyechagua kukesha anashika kokwa moja, na kadi ya 9 inasema ukiwa na kokwa nenda 10, usiwe nayo nenda 11. Watoto wanaipenda hii na wanaelewa wenyewe kuwa jambo la usiku linakuja kujitokeza asubuhi kwenye swali la 5. Udhaifu wa pili ni siri, kadi ziko mkekani kila mtu anaona, kwa hivo mhusika lazima awe wa kubuni na jina lisiwe la mtoto yeyote wa darasa lile. Hilo usilegeze.

Twine

Hii ndo ninayoichagua kwa JSS na sekondari na nitakaa hapa zaidi. Ni programu ya bure, aliianzisha Chris Klimas mwaka 2009, na yeyote anaruhusiwa kuichukua na kuitumia bila ya kulipa. Unaandika maneno ndani ya kisanduku, popote unapotaka njia unayafunga maneno kwa mabano mawili ya mraba, hivi [[Aendelee kuzidisha]], na kisanduku kipya kinatokea chenyewe kina jina hilo hilo na mshale unaelekea kwake. Ndo somo lote. Mtoto anayeweza kutaipu jina lake anaweza kuandika hadithi ya Twine kipindi hicho hicho, na mabano hayajali lugha gani iko ndani.

Nikuonyeshe ilivyokuwa kwa msichana mmoja wa Gredi ya 8. Swali la hesabu lilikuwa kwa Kiingereza kama kawaida, habari yake ni kuwa mashua imetoka Mokowe na abiria 48, robo tatu wakashuka Lamu mjini, waliobaki wakaendelea Shela, je waliokwenda Shela ni wangapi. Yeye aliandika 36. Kwenye karatasi ya maswali matatu alikuwa ashaniandikia "sielewi frakshoni". Nikamwambia sawa, mtengeneze mtu, muweke mbele ya swali hili, na mpe njia tatu. Kisanduku chake cha kwanza kilikuwa hivi:

Zuhura amefika swali la 9. Ameona 48. Ameona robo tatu. Mkono ushaanza kuandika.
[[Aendelee kuzidisha]]
[[Asome mpaka alama ya kuuliza]]
[[Aliruke, frakshoni zinamtisha]]

Alafu akafungua ile njia ya kwanza, ile aliyoipita mwenyewe, akaandika:

36! Zuhura amefurahi, ndo hesabu ya kwanza leo kutoka bila ya kufuta. Lakini hawa 36 wako wapi saa hizi? Washashuka Lamu. Mashua bado inakwenda.

Akasimama hapo hapo kuandika, akaniita. "Mwalimu, kumbe hesabu nimeipata. Nimejibu watu wengine."

Angalia tofauti iliyoko hapo. Mtoto aliyeandika "sielewi frakshoni" angekaa likizo nzima anarudia frakshoni ambazo anazijua. Robo tatu ya 48 ni 36 kweli, alichokosa ni kusubiri swali liishe, waliobaki walikuwa 12. Hayo hakuyaona kwenye karatasi iliyosahihishwa, hakuyaona kwenye maoni yangu pembeni, aliyaona pale alipolazimika kuandika nini kinafuata baada ya 36. Na aliweza kuyaandika kwa sababu alikuwa anaandika kwa lugha anayoiwaza.

Kwa hivo sheria yangu ya Twine ni kila mtoto aandike njia aliyoipita yeye, moja iliyo nzuri kuliko yake na moja iliyo mbaya kuliko yake. Ile mbaya watu wanaisahau lakini ina kazi kubwa, mtoto anagundua kuwa kuna kitu alikifanya sawa, yule msichana kwenye njia ya kuruka swali akakuta Zuhura hana hata kazi ya kuonyesha na hapati hata maksi ya njia. Mtoto wa kiwango cha chini anahitaji kuliona hilo kuliko mtoto mwengine yeyote.

Kitu kengine Twine inachokupa ni ramani. Visanduku vyote vinaonekana kwenye skrini na mishale yake, na saa zengine ramani inasema kabla ya maneno. Kijana mmoja alikuwa na visanduku vingi tu na karibu vyote mishale yake inakwenda kwenye kisanduku kimoja kilichoandikwa "Muda umekwisha". Sikumwambia neno, nilimuuliza tu unaona nini hapa. Akaangalia kwa muda alafu akasema anafanya maswali kwa mpangilio, akikwama la 3 hatoki. Hiyo ni habari ya maana kuliko 14 kwa 30.

Kumbukumbu Twine inayo, ile kazi ya kokwa za ukwaju hapa inafanywa kwa amri fupi, unaandika (set: $usingizi to 4) kwenye kisanduku cha usiku na (if: $usingizi < 6)[Macho yanamuuma] kwenye kisanduku cha asubuhi. Hizo amri ziko kwa Kiingereza na mtoto akikosa alama moja kinaharibika, kwa hivo nawapa wale wanaoomba tu, wengine mabano yanawatosha.

Kuhusu siri, hadithi ya Twine inatoka kama faili moja ya HTML. Inafunguka kwenye brauza bila ya bando, kwenye laptopu ama simu, na haimtumii mtu yeyote habari za alichobofya msomaji. Mtoto akitaka kunionyesha ananionyesha, asipotaka anabaki nayo. Faili ni ndogo, inapita kwa Bluetooth ama WhatsApp, na mzazi aliye Kizingitini anaweza kuisoma kwenye simu yake jioni. Mama mmoja aliniambia alijua mwanawe anaogopa Kiswahili insha baada ya kusoma hadithi ile, miaka yote anaona alama tu.

Ubaya wake sasa, na usiudharau. Ile Twine ya kutumia ndani ya brauza inahifadhi hadithi kwenye brauza ya mashine ile ile, mtu akija akafuta historia ama mkafanya kazi kwenye mashine nyengine, hakuna kitu. Kwenye chumba cha kompyuta kinachotumiwa na madarasa yote hiyo ni hatari kubwa. Weka Twine ya kuinstoli kwenye laptopu, ama kila kipindi kikiisha hamisha hadithi zote kwenye flashi. Pia kwenye simu kusoma ni raha lakini kuandika ni dhiki, visanduku vinabanana. Na laptopu hazitoshi kamwe, kwa hivo watoto wangu wanaanza na kadi za karatasi, wanapanga mkekani, alafu wanaingia kwa zamu kutaipu, na hapo hata mashine chache zinahudumia darasa zima.

Google Forms

Hii ndo walimu wengi wanaikimbilia kwa sababu wanaijua, unaweka swali la kuchagua, ukichagua jibu hili inakupeleka sehemu hii, jibu lile sehemu ile, kwa hivo matawi yapo. Mimi kwa kazi hii siipendi na nasema wazi. Mwandishi ni mwalimu, mtoto ni mjibuji. Kila anachochagua kinaandikwa na kinakuja kwako, na mtoto akijua hivo anachagua jibu zuri, tunarudi kule kule kwa "nitatia bidii". Inataka intaneti wakati wote, na bando linatoka mfukoni kwa mzazi. Matawi yanakubali maswali ya kuchagua tu, mtoto akikuandikia aya nzuri haiwezi kumpeleka popote. Itumie kukusanya maoni ya walimu wenzako ama kujua watoto wangapi wana simu nyumbani, hapo ina manufaa.

Slaidi za PowerPoint

Katikati hapa. Unatengeneza slaidi, unaweka vitufe vyenye viungo vya kurukia slaidi nyengine, inafanya kazi bila ya intaneti, na mashine nyingi za skuli tayari ina programu hiyo. Mtoto anaweza kuandika mwenyewe, anaweza kuweka picha aliyoipiga ya daftari lake mwenyewe, hilo Twine inafanya kwa tabu zaidi. Shida ni viungo, kila kimoja kinaunganishwa kwa mkono, ukiingiza slaidi mpya katikati mtoto anachanganyikiwa, na ramani ya mishale hakuna. Pia mtu akibofya nje ya kitufe inasonga slaidi inayofuata na hadithi inavurugika, mpaka ubadilishe mpangilio wa kuonyesha uwe ule unaoitwa kiosk, unaosonga kwa vitufe tu. Kama mashine yako haikubali Twine, chukua slaidi, hadithi isizidi slaidi kumi.

Scratch na ink, kwa ufupi

Scratch ni programu ya kutengeneza katuni na michezo kwa kupanga vipande vya amri, imetoka chuo cha MIT cha Marekani mwaka 2007, imekusudiwa watoto wa miaka 8 hadi 16, menyu zake unaweza kuziweka kwa Kiswahili na ipo ya kutumia bila ya intaneti. Kwa kutafakari mtihani nitaitumia kwa mtoto mmoja tu, yule ambaye kuandika kwenyewe ndo kunamkwamisha. Mtoto huyo anarekodi sauti yake, mhusika anazungumza Kibajuni safi, msomaji anabofya, na ghafla unasikia mtoto aliyekuwa hana la kusema ana mengi. Kwa darasa zima hapana, kipindi kizima kinakwisha kwenye kumchagulia mhusika rangi ya shati na mtihani haujatajwa.

Ink ni lugha ya kuandikia hadithi, ya kampuni ya Inkle ya Cambridge, Uingereza, walioiachia bure mwaka 2016. Inaandikwa kama maandishi ya kawaida yenye nyota na mishale, na inakumbuka yenyewe msomaji amepita wapi bila ya kuiambia. Lakini ramani haikuonyeshi, na bila ya ramani nimeshasema nini kinapotea. Iache kwa klabu ya kompyuta ya sekondari.

Igizo la kusimamisha

Hili halina chombo chochote na lisikupite. Augusto Boal wa Brazil ndo aliyelieneza miaka ya 1970, watu wanaigiza tatizo, mtazamaji yeyote anasema simama, anaingia kuchukua nafasi ya mhusika na kujaribu njia nyengine, igizo linaendelea kutoka hapo. Ni hadithi ya matawi kwa miili ya watu. Nalitumia pale kosa ni la darasa zima, kwa mfano insha ya barua rasmi ambapo karibu wote wameandika kama barua ya kumuandikia shangazi. Mmoja anaigiza mtahiniwa, mmoja anaigiza msahihishaji, "simama!", mwengine anaingia. Wanacheka, wanabishana, na baadaye hawasahau anwani mbili. Kosa likiwa la mtoto mmoja, na hasa likiwa na aibu ndani yake, alikuwa na njaa, alikuwa baharini na ami yake mpaka usiku, hajui kusoma vizuri, usilipeleke mbele ya watu hata kwa jina la kubuni. Darasa letu ni dogo, mji wetu ni mdogo, watajua.

Kwa hivo wewe uko wapi

Una Gredi ya 4 hadi 6, chukua kadi na usijisumbue na mengine. Una JSS na laptopu mbili tatu zinazowaka, kadi kwanza alafu Twine. Una watoto wana simu nyumbani lakini skuli haina mashine hata moja, watengeneze kwa kadi, wewe uzitaipu zile mbili tatu ambazo wenyewe wamekubali zisomwe, uwatumie faili. Skuli ya Faza ama Siyu ambapo stima inasumbua na mwalimu ni mmoja kwa masomo mengi, kadi na igizo zinakutosha mwaka mzima na usimwache mtu akwambie umepitwa na wakati. Una zile tableti za serikali za mpango ulioanza 2016 na bado zinashika chaji, zitumie kusomea faili za Twine kama brauza yake inafungua, kuandikia hapana.

Kuhusu mtaala wa umilisi, wengine wananiuliza kama hii kazi inaweza kuwekwa alama iingie kwenye tathmini ya skuli. Naelewa swali linatoka wapi, manake kwenye kumpanga mtoto wa Gredi ya 9 kwenda sekondari ya juu KPSEA, ule mtihani wa Gredi ya 6, ina asilimia 20, tathmini za skuli za Gredi ya 7 na 8 asilimia 20, na KJSEA, ule mtihani wa Gredi ya 9 uliofanywa mara ya kwanza 2025, asilimia 60, kwa hivo kila kitu kimekuwa na uzito. Nawaomba sana msiiwekee alama. Siku utakayoandika Kufikia Matarajio ama Kukaribia Matarajio juu ya hadithi ya Zuhura, hadithi inayofuata itaandikwa kwa ajili yako na yule mtoto hatakwambia tena kuwa mkono ulianza kuandika kabla swali halijaisha. Chukua ulichojifunza wewe, kibadilishe kwenye ufunzaji wako, tathmini ya skuli ina kazi zake nyengine.

Kama unataka kuanza muhula huu, usichukue mtihani mzima. Chagua swali moja ambalo wengi wamelikosa, kila mtoto achague na la kwake moja. Visanduku visizidi kumi. Kisanduku cha mwisho kwenye kila njia kiwe na kitendo ambacho mtu anaweza kukiona mhusika akikifanya, "Zuhura amepigia mstari neno la mwisho la swali", manake "Zuhura ametia bidii" hakuna anayeweza kukiona. Hicho kitendo mtoto akinakili nyuma ya daftari lake, na asubuhi ya mtihani unaofuata mpe dakika moja akisome kabla hujagawa karatasi.